Mara ya Kwanza Nilimshangilia Baba wa Prisoners

Kama hujawahi kuona Prisoners, shukia hapa. Nitamwaga siri zote.

Niliiona nikiwa kidato cha pili, likizo ya Desemba, kwa binamu yangu Githurai. Aliitoa duka la movi kwa flashi. Tulikuwa vijana watano kwa kochi moja, na kila Hugh Jackman akiinua ngumi tunapiga kelele: "Mpige huyo!"

Kwa wenye wamesahau, ni filamu ya Denis Villeneuve ya 2013. Ni sikukuu ya Thanksgiving, Pennsylvania, mvua na baridi. Wasichana wawili, Anna na Joy, wanapotea. Wa kwanza kushukiwa ni Alex (Paul Dano), kijana mzima mwenye akili ya mtoto wa miaka 10. Polisi wanamhoji, ushahidi hakuna, anaachiliwa. Keller, baba ya Anna, hangoji. Anamteka, anamfungia kwa jumba la zamani la marehemu babake, na anampiga mpaka uso unavimba macho hayaonekani.

Wiki jana nikairudia, peke yangu, dakika zote 153. Sikushangilia hata mara moja.

Kitu kilichobadilika ni mimi. Mwaka jana kwa ploti yetu mtungi wa gesi ulipotea. Mtu akasema ni yule kijana wa mkokoteni anayetuletea maji. Kufumba na kufumbua wakamfungia kwa stoo chini ya ngazi, na kichapo kikaanza. Nilipita hapo nikiwa na mkate na maziwa. Aliniona mlangoni, akaniita kwa jina. Nikasema, "Mimi siingilii." Nikapanda kwa nyumba, nikawasha TV, nikaongeza sauti.

Baada ya kama saa moja mtungi ukapatikana. Ndugu ya mwenyewe alikuwa ameupeleka kujazwa. Kijana akatoka ameshikilia mkono uliovunjika. Hakuna aliyemwambia pole. Hajawahi kurudi.

Sasa, kuna sehemu kwa hiyo filamu nilikuwa nimeisahau kabisa. Wazazi wa Joy, Franklin na Nancy (Terrence Howard na Viola Davis), wanajua Alex amefungiwa wapi. Wamemwona. Nancy anaamua hawatamsaidia Keller, lakini pia hawatamzuia. Kidato cha pili niliona hao ni watu wa pembeni tu. Safari hii nilisimamisha filamu nikaangalia ukuta kwa muda. Hao ni mimi.

Na usidhani filamu inakurahisishia mambo. Alex kweli alijua kitu. Lakini hakuwa mwizi wa watoto. Yeye mwenyewe aliibwa akiwa mdogo, na mwanamke anayemwita shangazi ndiye aliyehusika. Yale mateso yote hayakumrudisha Anna. Joy alitoroka, na aliyemfikia Anna ni mpelelezi Loki (Jake Gyllenhaal), yule tuliyekuwa tunamwona mzembe kwa sababu hapigi watu vya kutosha.

Mwisho unajua: Keller ametupwa kwa shimo, anapuliza filimbi ya bintiye. Loki yuko hapo juu, anasimama, anasikiliza. Giza. Zamani tulibishana usiku mzima kama aliokolewa. Siku hizi sifikirii hiyo. Nafikiria tu kwamba Loki alisikia sauti ndogo hivyo na akageuka. Mimi niliitwa kwa jina na nikaongeza sauti ya TV.

Namba ya yule kijana bado iko kwa simu yangu. Nilimsevu "Maji". Yeye alijua jina langu, mimi sikuwahi kumuuliza lake.

Leo jioni nitapiga. Sijui kama atashika, na akishika sijui nitaanzia wapi. Pengine nianze kwa kumuuliza anaitwa nani.

Na wewe, ulipoiona mara ya kwanza, ulikuwa unamshangilia nani?