Intaneti ya nyumbani: ukihama, nani anabaki?

Kama unakaa upande wa Kolwezi, unaijua ile laini kubwa ya umeme inayotoka Inga. Ilimalizika katika mwaka 1982. Urefu wake ni karibu kilomita 1700. Ilivuka inchi yetu kusudi mashini za shaba zipate moto. Njiani ilipita juu ya vijiji vingi, na watoto wa vijiji vile wakaendelea kusoma kwa taa ya petroli. Kwa hiyo sisi watu wa huku hatuna lazima ya kufundishwa kwamba waya kupita na waya kufika ni mambo mawili.

Sasa ni zamu ya fibri. Umeona vijana wakichimba mfereji mwembamba kando ya gudro, ao wakipandisha waya mweusi juu ya nguzo. Umeuliza: "Inaenda wapi?" Wamejibu: "Inaenda kule ku mine." Basi ukaenda zako. Ninaandika kwa ajili yako wewe uliyeenda zako, na pia kwa ajili ya yule ambaye amekwisha kuipata nyumbani na sasa anataka kuiacha, achukue ya kampuni ingine. Huyu wa pili anafikiri shauri lake ni jepesi kuliko la yule wa kwanza. Mimi ninaona kinyume.

Tuanze na kitu chenyewe. Fibri ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Ndani yake hakupiti umeme, kunapita mwangaza unaowaka na kuzimika mara nyingi sana katika sekonde moja, na ndivyo sauti, barua na picha zinavyosafiri. Hamuna shaba ndani yake. Neno hili ninaliandika kwa makusudi, kwa ajili ya vijana wanaokata waya usiku wakifikiri watauza: kioo hakina mununuzi. Wanaharibu kazi ya watu wengi na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Uzi ule unaotoka kwenye barabara haukuji kwako peke yako. Unagawanywa, mara nyingi kwa nyumba 32 ao 64. Ndiyo maana jirani anakuambia saa ine ya asubui inakimbia, lakini saa moja ya jioni, wakati kila nyumba imefungua filme, inatembea kama mzee mwenye fimbo. Kama unataka kujua kampuni fulani ni ya namna gani, usiende kuangalia asubui. Enda kwa mtu aliye nayo, saa moja ya jioni, ukae naye.

Nyumbani fibri inaishia kwenye kisanduku, na kisanduku kinahitaji moto. Watu wengi wanasahau hilo. Umeme ukikatika, waya uko muzima lakini nyumba imenyamaza. Tena kisanduku hakili moto mwingi, wati 10 hivi. Vingi vinatumia volti 12 (soma karatasi iliyobandikwa chini yake), kwa hiyo batri ndogo na pano moja ya jua vinaweza kukibeba usiku, kama fundi anafunga vizuri. Wakati wa mvua na radi, chomoa waya wa umeme. Kioo hakileti radi, lakini ule waya wa ukutani unaileta.

Tena kuko safari ndefu ambayo hatuioni. Inchi yetu ilifunga waya wa baharini kule Muanda katika mwaka 2013. Mwezi wa 8 wa mwaka 2023 udongo uliteleza chini ya bahari, katika lile bonde refu la mto wetu Kongo, na waya ule ukakatika. Mwezi wa 3 wa mwaka 2024 nyaya kadhaa zikakatika pamoja karibu na Abidjan. Lakini sisi wa Katanga tuko na mlango wa pili: Kasumbalesa, kupitia Zambia mpaka pwani za upande mwingine. Kwa hiyo uliza mwenye kuuza: "Kama Muanda inakufa, munapita wapi?" Anayejibu vizuri, mwandike katika daftari lako. Anayecheka, mwandike pia.

Kwa mtu anayekaa mbali kabisa na gudro, kuko satelite. Zile sahani za zamani zinaangalia satelite iliyo juu karibu kilomita 36000. Unasema "alo", unangoja, kisha sauti inarudi. Zile za Starlink ziko chini zaidi, karibu kilomita 550. Ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya simu, ARPTC, iliikataza Starlink mwezi wa 3 wa mwaka 2024, kisha mwezi wa 5 wa mwaka 2025 ikaipa ruhusa. Nyumba moja inaweza kuinunua bila kungoja jirani. Hiyo ni faida yake. Nitarudi kwa neno hilo la jirani.

Zamani, katika kambi za Union Minière, na kisha za Gécamines tangu mwaka 1967, baba hakuuliza bei ya waya. Nyumba, shule, hospitali, posho, vyote vililetwa na kampuni. Wazee wetu walijua kazi, hawakuzoea kusoma mkataba wa taa. Tabia ile tuliirizi, na leo inatufanya tutie sahihi mbio-mbio, kama vile kampuni ya intaneti ni baba mwingine. Sivyo. Ni muchuuzi. Soma kurasa zote, hata zile zenye herufi ndogo. Kama Kifaransa chake kinakushinda, mpe mwalimu asome.

Kwetu sisi mtaa uko kilomita 3 kutoka barabara kubwa. Kuko mwalimu, kuko muuguzi, kuko wababa wanaofanya kazi ku mine, kuko mama mmoja mjane. Binti wa mama huyu alisoma Lubumbashi, na alipokuwa akimaliza memware yake nyumbani, alipanda juu ya kichuguu kila jioni kutafuta rezo. Akituma sura moja kwa profesere wake, mvua inakuja, anashuka mbio na komputa ndani ya kitenge. Tulimwona, na tuliona haya.

Kampuni tuliyoiendea ilitujibu: "Watu 10, ndipo tunakuja." Tukaandika majina 12. Barua tuliipeleka mwezi wa 2, wakafika mwezi wa 9. Nguzo tulitoa sisi wenyewe: vijana wa kwaya walikata mikaratusi 60, moja kwa kila metre 50, na wababa wakachimba mashimo siku za posho mbili. Kila nyumba ililipa dola 40 za kufunga, kisha dola 25 kwa mwezi. Daftari la michango nilishika mimi. Nyumba moja haikuweza kulipa 25 kwa siku za kwanza, mwalimu akawalipia nusu, wala hakuwaambia watu.

Binti yule alimaliza memware. Kazi hakupata, kama wengi. Basi mama yake akamfungulia sekretaria mbele ya nyumba, ndani ya kibanda cha mbao: kuandika barua, kutoa fotokopi, kujaza karatasi za watoto wanaotafuta nafasi katika shule kubwa. Kazi ile njo inalisha nyumba yao leo.

Baada ya miaka miwili kampuni ingine ikaja. Iliweka anteni juu ya mnara, bila nguzo, bila shimo, dola 18 kwa mwezi. Nyumba tano zikataka kuhama, na nyumba tano zile zilikuwa za wenye mishahara. Hapo ndipo tuliangalia tena mkataba wa kwanza, ukurasa wa pili: wakipungua chini ya 10, kampuni inaweza kupandisha bei ao kuondoa waya. Mutu wa kampuni akasema itakuwa dola 36. Ukihesabu fotokopi ngapi zinaleta dola 36, utaelewa sababu gani mama mjane alikuja kwangu kabla ya jua kutoka.

Tulikutana siku ya Mungu, nyuma ya ibada. Baba mmoja alisema: "Mama, miye siko kampuni. Bei iko bei." Nisimuhukumu. Yeye ana watoto sita, na kazi yake ni ya miezi mitatu-mitatu, kwa muchuuzi wa wafanyakazi, si kwa mine yenyewe. Dola 7 kila mwezi ni kitu. Mama akamujibu polepole: "Enda, baba. Lakini zile nguzo mulizipanda pamoja na siye."

Munakumbuka Isaka katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26. Alichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakamugombanisha, akahama. Akachimba kingine, wakagombana tena, akahama tena, mpaka Rehoboti ambapo alipata nafasi. Mara nyingi tunahubiri juu ya uvumilivu wake. Mimi siku ile niliona neno lingine: Wafilisti walikuwa wameziba kwa udongo visima vya baba yake Abrahamu, lakini yeye, kila mara akihama, hatusomi popote kwamba aliziba kile alichokiacha. Kuhama si zambi. Nilisema hivyo katika mkutano, na mwalimu akaongeza kwamba kuhama kunahitaji siku.

Basi tulipatana hivi. Wale tano walipe miezi mitatu mbele ya kutoka, na katika miezi ile kila mmoja atafute nyumba ya kushika nafasi yake. Walikubali, wawili kwa furaha, watatu kwa uso wa kukunja. Dispansere iliingia, maana muuguzi alikuwa akituma hesabu za dawa kwa simu yake mwenyewe, kwa mega za kununua kila siku. Shule ingali inangoja sahihi kutoka juu. Na mmoja katika wale tano alirudi yeye mwenyewe, kwa sababu anteni ilikuwa mbio asubui na ya kulia jioni. Kwa hiyo tuko 9, si 10. Mwalimu na muuguzi walienda kuongea na kampuni, bei ikapanda mpaka 28, haikufika 36. Sekretaria ingali wazi.

Wewe unayetaka kuhama, hata kama hauna mama mjane karibu, fanya hivi: usikate ya kwanza mbele ya kuona ya pili ikipita mvua moja nzuri na jioni kadhaa za Posho. Uangalie kisanduku ni cha nani. Mara nyingi ni cha kampuni. Ukirudishe mikononi mwa mtu, na uombe karatasi yenye namba ya kisanduku na tarehe, la sivyo watakudai miezi ambayo hukutumia. Neno la siri la wifi ya zamani lisiwe la mpya, sababu vijana wa mtaa wanalijua wote. Na kama unahama pia laini ya simu, fikiri kwanza: WhatsApp yako na feza zako za simuni vimefungwa kwa namba ile. Ukiitupa, siku moja itapewa mtu mwingine.

Kwa wazazi neno moja tu, maana limekwisha kuandikwa sana. Kisanduku kikae sebuleni, na mzazi ajue namna ya kukizima. Inatosha.

Sasa kuko jambo jipya. Ile kampuni ya anteni imeona kwamba jioni haiwezi, nayo inataka kuleta fibri yake mpaka kwetu. Imeomba kupitisha waya juu ya nguzo zetu 60. Kampuni ya kwanza inasema nguzo ni zake, maana waya wake uko juu yake miaka mitatu. Katika mkataba hakuna neno hata moja juu ya nguzo. Nilifungua daftari: majina ya vijana waliokata miti yako pale, na tarehe, na hata chakula walichokula siku ile, bukari na samaki.

Mama mjane ndiye aliyeuliza kwanza: "Ile nguzo ya mwisho, mbele ya kibanda yangu, njo ya nani?" Tumejibu kampuni zote mbili kwamba watakuja kuzungumuza naye, palepale mbele ya kibanda, na daftari likiwa juu ya meza. Wamesema watakuja siku ya ine ya juma linalokuja.