Njia ya Ziwani Wakati wa Theluji

Twawaletea habari za safari yetu katika nchi ya baridi, huko Marekani, tulipotoka mji wa Buffalo kwenda mji wa Erie. Njia yenyewe si ndefu, yapata kilometa 150, nayo imetiwa lami mwanzo hata mwisho. Wakati wa jua dereva huimaliza kwa muda wa saa moja na nusu. Lakini sisi tulisafiri Januari 2025, na kabla ya kuondoka tulisimama uani kwa mwenyeji wetu karibu saa nzima, motakaa ikipakiwa vitu ambavyo kwetu pwani hakuna angevidhania kuwa ni vya safari: beleshi, mishumaa, mablanketi na ndoo ya mchanga.

Mwenyeji wetu ni mzaliwa wa Uvira, katika Kongo, na si yeye peke yake. Wako wengi waliotoka pande zile wakakaa Buffalo. Uvira uko kando ya Ziwa Tanganyika, na Buffalo uko kando ya Ziwa Erie, naye hupenda kusema kwa kicheko ya kuwa alikimbia ziwa moja akaangukia jingine.

Ziwa hilo ndilo lenye kuleta taabu. Mwanzo wa majira ya baridi maji yake yangali na joto kidogo, na upepo mkali wa magharibi ukipita juu yake hunywa unyevu, kisha huumwaga pwani kuwa theluji. Basi huenda mtaa mmoja una jua, na mtaa wa pili mtu haoni mkono wake mwenyewe. Hata ziwa likiganda hakuna amani kamili: katika tufani iliyoanza 28 Januari 1977 upepo uliisomba theluji iliyokuwa imelala juu ya barafu ya ziwa ukaimwaga mjini. Watu 29 walikufa, na baadhi yao walikutwa ndani ya motakaa zilizofunikwa kabisa.

Tufani ya 23 Desemba 2022 mwenyeji wetu aliiona kwa macho. Alikuwa akirudi kutoka kazini pamoja na mwenzake, motakaa ikakwama. Hawakuwa na blanketi wala chakula. Baada ya saa mbili alishuka aende kutafuta msaada, akapiga hatua kumi hivi, kisha akageuka nyuma asiione motakaa. Alituambia, “Nilisimama nikajua nimekwisha.” Mwenzake aliyebaki ndani alipiga honi pasipo kukoma, naye akaifuata sauti ile hata mkono wake ukagusa bati. Walikaa humo mpaka asubuhi. Katika tufani hiyo walikufa watu zaidi ya 40, wengine motakaani, wengine majumbani, na wengine nje wakienda kwa miguu.

Kwa hiyo sanduku lile halikutengenezwa ili mtu ajikwamue tu, bali ili aweze kukaa. Kujikwamua kuna beleshi na mchanga wa kumwaga chini ya magurudumu, na nyaya za kuunganishia betri, kwani baridi hudhoofisha betri sana. Vilivyobaki vyote ni vya kungojea: mablanketi ya sufu, soksi na kofia za akiba, biskuti na karanga, kurunzi, dawa za mgonjwa kama yupo, na kitambaa chekundu cha kufunga mlangoni ili waokoaji wakione. Chupa za maji hazijazwi hata juu, maana maji yakiganda huvimba na kuzipasua. Beleshi huwekwa ndani pamoja na abiria, kwa sababu mlango wa nyuma ukishikwa na barafu haufunguki. Na tangi la petroli lisipungue nusu, kwa kuwa petroli ndiyo moto wa kuota.

Sisi tuliona haya yote kuwa yamezidi. Tulimwambia mke wake, “Mama, tutachelewa.” Akajibu, “Hamtoki hapa mpaka nione kiberiti.” Na kweli kiberiti kilikuwa kimesahauliwa.

Tulipita mji wa Dunkirk salama, tukaingia nchi ya mizabibu. (Ziwa hilohilo hulinda zabibu zisiuawe na baridi ya mapema, ndiyo maana wakulima hawalilaumu kama madereva.) Huko theluji ikatushukia ghafula. Mbele yetu lori lilikuwa limelala kuikata njia, na kila motakaa ikasimama.

Mzee alizima mtambo. Kila saa aliuwasha kwa dakika kumi hivi, na kila mara kabla ya kuuwasha alishuka, mkono mmoja ukishika ubavu wa motakaa, akafukua theluji kwenye bomba la moshi. Bomba likizibwa, ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu hurudi ndani, na watu husinzia wasiamke. Kioo cha upande usio na upepo alikiacha wazi kidole kimoja. Mshumaa mmoja ndani ya kopo ulitupa mwanga na joto kidogo.

Kijana mmoja wa kwetu aliona taa ya nyumba upande wa kulia, akasema, “Mzee, niruhusu nikaombe msaada, ni hapo tu.” Mzee hakumjibu kwa maneno, ila alinyosha mkono akaufunga mlango wake kwa komeo. Kijana alinuna, nasi, twakiri, tulikuwa upande wake.

Saa ya tatu ikaja motakaa kubwa ya kusukuma theluji, na hewa ikatakata kidogo. Ndipo tulipoiona taa ile vizuri: ilikuwa ng'ambo ya ua wa waya na shamba zima la mizabibu, mbali kuliko tulivyodhani. Kijana aliitazama kitambo asiseme neno.

Tulifika Erie usiku, na jamaa wa mwenyeji wetu walikuwa wametuwekea ugali na samaki. Mzee hakuketi kwanza. Aliomba mshumaa na pakiti ya biskuti, akatoka tena nje kuvitia sandukuni mahali pa vile tulivyotumia.