Kuta za Soko la Bosnia

Kambi ya wakimbizi ya Ifo, huko Dadaab nchini Kenya, iliasisiwa mwaka 1991, watu walipokuwa wakiikimbia Somalia kwa makundi, na ni katika soko lake, ambalo wenyeji wamezoea kuliita Bosnia, nilikopata elimu yangu ya awali ya taswira. Kwani wenye maduka, kwa kuifuata desturi waliyohama nayo, waliagiza zichorwe ukutani bidhaa zote zilizouzwa ndani: kopo la maziwa, kiatu, ngamia mlangoni pa bucha, na jino lenye mizizi yake kwa mng'oa meno, hata asiyejua kusoma akatambua aingie wapi.

Nilizipenda taswira zile kwa kuwa zilitoka kwetu. Baadaye mashirika ya misaada yakaleta rangi zao, na kuta za shule na zahanati zikajaa nasaha: nawa mikono, mpeleke binti shuleni, mchanje mtoto. Nasaha hizo zina manufaa, wala sizikanushi. Lakini ukuta ukageuka mwalimu mwenye kuamrisha, asiyepata kumwuliza mpita njia yaliyomsibu.

Upungufu huu wa ukuta wenye kuamrisha tu ulinidhihirikia nilipopata habari za Tokyo. Katika stesheni ya Shibuya, wapitapo watu wasiohesabika, umewekwa tangu mwaka 2008 mchoro wa Taro Okamoto wenye urefu wa mita 30, usimuliao msiba wa bomu la atomiki, ambao ulichorwa Mexico kwa ajili ya hoteli na kupotea miaka mingi. Mwaka 2011, baada ya tetemeko na gharika ya bahari kukiharibu kituo cha nyuklia cha Fukushima, wasanii wa kundi la Chim↑Pom wakaongeza pembeni mwake, pasipo idhini wala kuudhuru, kipande kidogo kionyeshacho vinu vilivyobomoka vikifuka moshi. Wakuu walikiondoa upesi, ila maafa ya jana na ya leo yalikwisha kukaa ubavu kwa ubavu mbele ya hadhara.

Mwaka ule ule ukame na njaa viliwaleta Dadaab makumi ya maelfu ya Wasomali, wakajenga vibanda vya matawi pembezoni mwa Ifo, nami sikuona kwenye kuta zetu hata alama moja ya kuwasili kwao. Leo mabango ya plastiki yaliyochapwa kwa mashine yanatwaa mahali pa brashi. Laiti wachoraji wa Bosnia wangepewa ukuta mmoja mrefu, pale magari yaendayo mjini Garissa yapakiapo abiria, wakachora safari ya kutoka Dhobley, mji wa Somalia ulio mpakani, kama waijuavyo walioitembea, pasipo nasaha chini yake wala nembo ya mfadhili.