Tumewapeleka Watoto Kucheza Dubai, Tumbo Tumelificha



Leo tunaandika jambo ambalo kwa wiki nyingi tumekuwa tukilizunguka. Likizo ya Disemba tulisafiri na watoto kwenda Dubai, tukiwa na mimba ya wiki 17 ambayo hakuna aliyeijua isipokuwa bwana, mama mzazi na daktari wa kliniki. Safari ilikuwa nzuri, alhamdulillahi. Lakini zilipita dakika chache ndani ya foleni ya mchezo mmoja ambazo mpaka leo tukizikumbuka viganja vinatoka jasho.

Tuanze mwanzo. Dubai kwetu si pageni. Kila mwaka tunakwenda kuchukua vitambaa vya abaya na madera, tunafikia kwa wifi yetu anayeishi kule na mumewe, siku nne tano tunarudi. Watoto wanabaki na bibi yao. Michezo wanayoijua wao ni bembea za Kariakoo na Mnazi Mmoja siku za sikukuu, na kila tukirudi na mabegi swali ni lile lile: "Na sisi lini?" Mwaka jana bwana akawaahidi mbele ya bibi yao, tena kwa kushikana mikono, kwamba safari ijayo wote. Binti yetu ana miaka tisa, mdogo wake sita. Ahadi ya mtoto ni deni, hailali.

Tiketi zikakatwa. Wiki tatu baadaye tukajikuta wajawazito.

Wengine watasema, si furaha hiyo? Ndiyo, furaha. Lakini miaka miwili nyuma tulibeba mimba nyingine, tukaitangaza mapema, wifi akatuma nguo za mtoto, majirani wakaja kutupongeza, na mwezi wa tatu ikatoka. Mwenye kupitia hilo anajua. Maumivu ya mwili yanapita. Kinachobaki ni kukutana na mtu sokoni akakuuliza mtoto yuko wapi. Safari hii tukasema hapana, midomo tuifunge. Hata watoto hatukuwaambia. Abaya pana inaficha mengi, na sisi wenyewe ndio washoni.

Tulichofanya vizuri ni kwenda kwa daktari kabla ya kufunga begi. Alitupima, akatazama kadi ya kliniki, akatuuliza kama kuna damu yoyote. Akasema mwezi wa nne mpaka wa sita ndio wakati mwepesi zaidi kwa mja mzito kusafiri: kichefuchefu kimepungua, tumbo bado halijawa zito. Akaturuhusu. Lakini aliposikia habari ya viwanja vya michezo akaweka kalamu chini.

Alitueleza hivi. Mtoto anaelea ndani ya maji, lakini kondo la nyuma limeshika ukuta wa kizazi. Mwili ukirushwa ghafla na kusimamishwa ghafla, ukuta unavutika, kondo halivutiki kama ukuta, na linaweza kubanduka. Likibanduka, mtoto anakosa hewa, mama anavuja damu. Ndivyo inavyotokea katika ajali za gari, hata kama tumbo halikugonga popote. Tulimwelewa haraka, maana ndiyo kazi yetu: shona kitambaa kinachovutika na bitana isiyovutika, kisha uvute kwa nguvu, utaona mshono unavyoachia. Tena kile chuma kinachokubana kitini usianguke, kinakaa pale pale penye tumbo. Akasema hakuna atakayemrusha mja mzito kwa makusudi apate kupima kiasi gani ni salama, kwa hiyo jibu ni moja tu: usipande. Tukaitika. Kuitika ukiwa kliniki ni rahisi.

Tulichagua Legoland, iliyo kusini ya mji, upande wa Jebel Ali, ukishika njia ya Abu Dhabi. Tuliichagua kwa sababu imetengenezwa kwa watoto wa miaka 2 mpaka 12, tukaamini haitakuwa na mambo ya kutisha. Disemba hewa ya Dubai ni nzuri, jua halichomi kama la Julai. Watoto walichanganyikiwa. Mdogo alisimama mbele ya Burj Khalifa ya matofali ya kuchezea, mita 17 kwenda juu, ndani ya jumba lenye kiyoyozi, akauliza ni nani aliyekaa akaipanga. Baadaye akaenda na baba yake kwenye barabara ndogo ambapo watoto wanaendesha vigari na kufuata taa za barabarani kama watu wazima. Hakutaka kutoka.

Binti akataka joka. Ni treni ya watoto inayoingia ndani ya jumba la kifalme polepole, unamwona joka, kisha inatoka nje na hapo ndipo inakimbia, inapanda na kushuka. Tukaenda sisi, yeye na wifi. Nia yetu ilikuwa kumsindikiza mpaka mlangoni, apande na shangazi yake.

Foleni ikawa ndefu. Kadiri tulivyosogea ndivyo mtoto alivyozidi kuukamata mkono wetu. Akaanza: "Mama, bila wewe sipandi." Tukamwambia atapanda na shangazi. "Na wewe upande. Uliahidi wote." Machozi yakamjaa. Ubaoni paliandikwa wasioruhusiwa, na picha ya mwanamke mwenye tumbo imepigwa mstari. Tuliiona. Tutasema ukweli kwa sababu ya Mwenyezi Mungu: tuliiona, na moyo ukaanza kuhesabu. Ni treni ya watoto. Ni dakika mbili. Hata tumbo lenyewe halionekani. Wazee wetu walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, nasi tulikuwa tunamchelea.

Tukafika mbele. Msichana anayefunga viti alitutazama, akatazama abaya, akatazama mkono wetu uliokuwa umeegemea kiunoni. Akainama akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini kabisa, kama tuna ujauzito.

Kabla hatujafungua mdomo, wifi akajibu kwa niaba yetu. Akacheka, akasema hapana, hana kitu, huyo amenenepa tu, muache apande na mwanawe. Na mkono wake ukatusukuma mgongoni, kwa upendo, kama dada anavyomsukuma dada.

Msichana akainua chuma. Kiti kiko wazi. Binti ameshakaa, anatupungia.

Hatujui tulisimama kwa muda gani. Tulichokifikiria hakikuwa joka wala daktari. Tulifikiria kwamba tukisema sasa, wifi atajua, na akijua yeye Unguja nzima itajua kabla ya Magharibi. Aibu ya kuulizwa tena sokoni ilikuwa nzito kuliko kile chuma. Hapo ndipo tulipojiogopa.

Tukasema: "Ndiyo. Nina mimba."

Foleni nzima nyuma ilikuwa inatazama. Wifi alinyamaza, akapanda, akakaa karibu na mtoto, wakaenda. Sisi tukaonyeshwa mlango wa pembeni, tukakaa kwenye benchi la kutokea, miguu inatetemeka.

Walipotoka tulidhani binti atafurahia. Alikuja analia, na halikuwa joka lililomliza. Alisikia tuliyoyasema. Akauliza: "Kwa nini hukuniambia? Na ile siku ya damu kwenye kanga, uliniambia tumbo tu. Mimi nilikuwa macho."

Dada zetu, mtoto yule alikuwa na miaka saba usiku ule. Alikaa na siri yetu miaka miwili. Kila tukisema tumbo linauma, alikuwa anangoja damu. Ndiyo maana hakutaka kupanda peke yake, alikuwa haachi mkono wetu popote tulipokwenda, nasi tukimwita mdeko.

Tulimkumbatia pale pale, watu wanapita na ndoo za bisi. Wifi naye alikasirika kama saa nzima. Kisha akaenda kununua maji, akatupa, akakaa. Akasema: "Wifi, ningekusukuma kwa mkono wangu mwenyewe. Halafu mimi ningeishi vipi?" Hatukuwa na jibu.

Adhuhuri tuliswali kwenye chumba cha wanawake, tukajinyoosha kidogo kwenye zulia, na tukamfikiria Nabii Yusuf. Baba yake alimkataza asiwasimulie ndugu zake ndoto aliyoiota, akihofia hila zao. Hadithi hiyo tumeisikia tangu chuoni, na ndiyo tuliyoishika kama kinga ya kuficha neema. Lakini tulikuwa tumesahau mwanzo wake: Yusuf alimwambia baba yake. Siri ina mtu wake. Husuda ipo, jicho lipo, hatukatai. Lakini yule anayekushika mkono, anayekupikia, anayekusukuma kwenye kiti, huyo ukimficha umemfanya awe hatari kwako bila kosa lake. Na kumtegemea Mungu, kama tulivyofundishwa, kunakuja baada ya kumfunga ngamia.

Kwa anayefikiria safari kama hii, haya ndiyo tuliyoyapata:

Kwanza, onana na daktari au mkunga kabla ya kukata tiketi. Aliyewahi kuvuja damu, mwenye presha, au mwenye mapacha ahitaji neno lake zaidi.

Pili, uliza shirika la ndege. Mengi yanataka barua ya daktari kuanzia kama wiki ya 28, na ikikaribia mwisho hawakupandishi.

Tatu, ndani ya ndege inuka utembee mara kwa mara na unywe maji, kwani mja mzito damu yake huganda kwa wepesi miguuni. Mkanda ufunge chini ya tumbo, juu ya nyonga, usiupitishe katikati.

Nne, michezo yote inayorusha, inayogongana, inayozunguka kwa kasi na ya kuteleza kwenye maji, iache. Soma ubao wa kila mchezo. Kama una shaka, shaka ndiyo jibu.

Tano, kadi ya kliniki itembee na wewe kwenye mkoba. Ukiona damu, maji yanavuja, tumbo linauma sana, kichwa hakiachii au macho yanaona ukungu, usingoje kurudi nyumbani. Nenda hospitali ya pale pale.

Sita, mwambie angalau mtu mmoja mzima utakayekuwa naye mchana kutwa. Na kama una mtoto mwenye akili za kuelewa, mwambie naye, kwa maneno yake. Wanajua zaidi ya tunavyodhani.

Siku iliyofuata tulirudi pale kwa tiketi ya siku mbili. Tulikaa benchi kwa furaha zetu, na mkoba wa kila mtu miguuni. Binti alipanda lile joka mara nne. Kila likipita juu alikuwa anatutafuta kwa macho, akituona anapiga kelele.

Sasa tuko wiki ya 31. Mtoto anacheza, hasa usiku. Hatujui Mwenyezi Mungu ametuandikia nini, na hatujifanyi hatuna khofu. Kila jioni binti anaweka sikio tumboni na kuuliza kama leo kuna maumivu. Tunamjibu kweli. Likiwepo tunasema lipo, lisipokuwepo tunasema halipo, naye anakwenda kulala.

Tunaomba dua zenu. Safari hii tunazitaka za wote.

Wabillahi tawfiq.