Frateri, Nikijua Nuru Nitapata Kazi?



Likizo iliyopita nilipangiwa utume katika parokia moja ya kando ya ziwa, upande wa Igombe, hapa Mwanza. Paroko aliponiuliza ningewasaidia nini vijana, nilijibu upesi kuliko nilivyofikiri: nitawafundisha kuandika programu za kompyuta, tena kwa Kiswahili. Alicheka. Kisha akanipa ufunguo wa chumba cha katekesi na kompyuta mbili za zamani, moja ikiwa haina betri.

Kwa ambao hawajaisikia, Nuru ni lugha ya programu iliyoundwa kwa ajili ya sisi tunaozungumza Kiswahili. Amri zake ni maneno ya nyumbani: andika, kama, sivyo, wakati, rudisha. Ukikosea, inakutajia mstari ulipokosea na kukuambia kwa Kiswahili kwamba neno fulani halifahamiki. Ndani yake imejengwa kwa Go, lugha iliyotangazwa na Google mwaka 2009, na chanzo chake kiko wazi kwa yeyote anayetaka kukisoma. Inaingia hata kwenye simu ya Android kwa kupitia programu iitwayo Termux, na hilo kwetu ni jambo kubwa, maana vijana wengi wa Igombe hawana kompyuta ila simu wanayo. Ni lugha nzuri. Tatizo lake ni kwamba wanaoitumia ni wachache, na mimi nilitaka kuwaongeza.

Jumapili ya kwanza tangazo lilisomwa baada ya Misa, wakaja vijana kumi na tisa. Niliwahutubia karibu saa nzima. Niliwaeleza juu ya heshima ya Kiswahili, nikawakumbusha kwamba UNESCO imekitengea siku yake, tarehe 7 Julai, nikagusia na ukombozi wa fikra, kama kawaida yetu wanafalsafa tukipewa kipaza sauti. Walinipigia makofi. Jumamosi ya tatu walikuwa watano.

Mwanzoni nilisingizia mwezi. Anayeifahamu kazi ya dagaa anajua kwamba huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawaifuati taa na mitumbwi hupumzika. Nikajipa moyo kwamba giza likiisha vijana watarudi. Mbalamwezi ikaja, nikawaona pwani wanashona nyavu na kucheza bao. Kwangu hawakuja.

Kati ya wale watano alikuwepo binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne, ambaye mama yake huanika dagaa. Ndiye aliyeniuliza, bila ukali wowote: "Frateri, samahani. Nikijua Nuru nitapata kazi?"

Nilianza kuzunguka. Nikasema kujifunza ni thamani yenyewe, nikasema lugha zote zilianza ndogo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Basi jibu ni hapana, Frateri." Nikanyamaza, kwa sababu jibu lilikuwa hapana. Sijawahi kuona tangazo la kazi linalomtaka mtu ajue Nuru.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimkumbuka padre wa miito aliyekuja shuleni kwetu nikiwa kidato cha pili. Hakutuhutubia. Alitualika siku mbili tu: tufagie, tusali, tule ugali pamoja, turudi nyumbani. Wala hakuficha kwamba wengi wanaoanza safari ile hawaimalizi. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume chake. Niliwatangazia vijana sifa za nyumba ambayo sikuwa nimewaonyesha jiko lake.

Nikamkumbuka na bibi yangu. Lugha yake ni Kisukuma. Kwa watu wa rika lake vijijini, Kiswahili kilikuwa lugha ya wageni, na wengi hawakukihitaji. Nilipomuuliza alikipendea nini, alinishangaa. "Nani alikipenda, mjukuu wangu? Tulikuwa na pamba." Miaka ya mwanzo ya hamsini wakulima wa huku walilalamika sana kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja, na malalamiko hayo yalichangia kuzaa vyama vya ushirika, hadi mwaka 1955 lilipoanzishwa Shirikisho la Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani. Bibi, akiwa msichana mdogo, alikuwa amejifunza kuhesabu kwa Kiswahili katika mafundisho ya kigango. Baba yake hakujua. Basi siku ya mauzo alimchukua, akamsimamisha karibu na mizani, kazi yake ikiwa kusikiliza namba inayotajwa. Wenzake walipoona faida, nao wakataka kujua. Hakuna aliyewahutubia.

Jambo kama hilo limetokea hata katika ulimwengu wa programu. Ruby ilitoka Japani mwaka 1995, kazi ya Yukihiro Matsumoto, na kwa miaka ya mwanzo maelezo yake mengi yalikuwa kwa Kijapani. Mjapani wa kawaida angeweza kuisifia usiku kucha na Mmarekani asisogee. Mwaka 2004 Mdenmaki mmoja, David Heinemeier Hansson, alitoa Rails, chombo cha kujengea tovuti kwa Ruby, na watu wakaifuata Ruby kwa sababu ya Rails. Walikuja kutengeneza tovuti, lugha wakaikuta humo. Sisi nasi tulikuwa na Jambo OpenOffice, iliyotafsiriwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, kazi ya kuheshimika. Lakini mimi nilijifunza kompyuta kwenye duka la steshenari, na pale kila mtu alikuwa akisema "sevu", si "hifadhi". Anayeanza hutumia lugha ya yule aliyekaa karibu yake.

Jumamosi iliyofuata niliacha hotuba. Nilimwambia yule binti alete daftari la mama yake.

Lilikuwa daftari la kurasa za mistari, limenuka dagaa kiasi kwamba katekista alifungua madirisha. Ndani yake kulikuwa na majina, idadi ya ndoo, bei ya siku ile, na nani amelipa kiasi gani. Tulianza kuandika programu ya kujumlisha madeni. Kosa moja lilitukalisha siku mbili nzima. Tulikuwa tumeweka namba ndani ya alama za nukuu, na Nuru ikaziona ni maneno. Ukijumlisha maneno, inayaunganisha. Ndoo ishirini na ndoo thelathini zikawa ndoo 2030. Binti alicheka hadi machozi. "Mama atafurahi sana," alisema, "ila wateja hawatafurahi." Kama lugha ingekuwa Python, ningetafuta kosa lile kwenye intaneti na kupata majibu mia. Kwa Nuru nilitafuta nikapata kimya, ikabidi tulitafute wenyewe, mstari kwa mstari, bando likiisha. Huo ndio ugumu halisi wa lugha ndogo. Sikuutaja katika hotuba yangu.

Programu ilipokubali, ilitoa jumla iliyopungua kuliko ya mama. Tukadhani tumekosea tena. Tukarudia kwa mkono, na ikaonekana kosa lilikuwa la daftari: mama mmoja wa palepale pwani alikuwa amedaiwa ndoo zilezile mara mbili, naye alishalipa zote. Mama wa yule binti alikaa kimya kidogo. Jioni alimpelekea mwenzake fedha yake.

Juma lile walikuja akina mama watatu na madaftari yao, na vijana wao nyuma. Sikutangaza kitu kanisani. Mmoja wa vijana alikuwa wa wale kumi na tisa wa kwanza. Aliniambia alidhani somo ni la Kiswahili, na Kiswahili anakijua.

Mtakatifu Thoma wa Akwino hufundisha kwamba kitu hupokelewa kadiri ya hali ya anayekipokea. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama nzuri.

Lakini swali la binti halijafutika, wala sitaki kulizima kwa hadithi ya ndoo. Kabla sijaondoka nilimjibu wazi: Nuru haitakupa kazi leo. Nikamwonyesha Python, na haikumchukua muda mrefu kuielewa, kwa sababu maana ya "kama" na "wakati" alikuwa nayo tayari. Lililobaki lilikuwa Kiingereza. Mtoto wetu akifika kidato cha kwanza hubadilishiwa lugha ya masomo siku moja, na wengi huhesabiwa hawana akili kumbe hawana msamiati. Huyu alipata akili kwanza, msamiati baadaye.

Hapo ndipo panaponisumbua. Kila anayeingia Nuru akipita kwenda Python, atabaki nani wa kurekebisha makosa yake, kuandika maelezo, kumjibu mgeni anayekutana na kimya kama tulichokutana nacho sisi? Lugha haiishi kwa wapitaji. Wala siwezi kumwambia binti wa mwanika dagaa abaki kwa ajili ya lugha, wakati mimi mwenyewe naila sadaka ya waamini na nina hakika ya chakula cha jioni.

Juzi alinitumia ujumbe. Ameanza kozi mjini, anasoma Python, na Jumamosi anarudi Igombe kukaa na watoto wawili wa jirani katika chumba cha katekesi. Wanatumia Nuru kwa sababu Kiingereza hawajakifikia. Aliambatanisha picha ya skrini yenye kosa asilolielewa, akaniuliza kama nalijua. Silijui. Nimemwambia anipe hadi Jumapili nisome chanzo chake.