Usitupe Wembe, Badilisha Mpini

Je, umerithi wembe wa kukunja wa babu? Ufungue leo uutazame. Wangu ulitengenezwa Sheffield, Uingereza, na mpini wake ulikuwa wa seluloidi. Plastiki hii ya zamani ikizeeka huoza na kutoa mvuke wenye asidi, na chuma kinacholala ndani yake hushika kutu. Mpini uliowekwa kulinda makali ndio huyatafuna.

Kwa hivyo usingoje. Funga makali kwa utepe, kata vichwa vya pini kwa tupa, toa mpini wote. Chonga vipande viwili vya mpingo au mzeituni, uvitoboe vikiwa pamoja ili matundu yalingane. Mwishoni weka kabari ndogo kati yao. Hiyo ndiyo huacha nafasi ya wembe kulala. Pitisha pini ya shaba, weka washa, gonga kidogo kidogo. Ukipiga kwa nguvu, mbao hupasuka.

Sasa kunja wembe polepole. Ukiegemea upande, rekebisha kabari. Ukishuka katikati bila kugusa mbao, mpendwa, mwanao naye ana cha kurithi.