Pau za Baba

Kila asubuhi kabla ya chai, Baba hupima sukari na kunitumia namba kwa simu. Mwezi ulipoisha nilifungua Python, nikachora chati ya pau kwa Matplotlib: siku moja, pau moja. Kisha nikaandika mstari niliojivunia:

rangi = ["red" if s >= 7 else "green" for s in sukari]

Yaani 7 na kuendelea, nyekundu. Chini yake, kijani. Milimoli 7 kwa lita kabla ya kula ndipo Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa kisukari. Pau 19 zikawa nyekundu. Nikamtumia, nikangoja ashtuke.

“Nzuri sana, mwanangu,” akajibu. “Naona zote ziko sawa.”

Nilikasirika. Nikadhani ni ubishi wake uleule, wa kuongeza sukari kwenye chai huku akinitazama. Jumamosi nilikwenda nyumbani, nikamwekea kompyuta mapajani.

“Nyekundu ni zipi, Baba?”

Akanyamaza. Kidole kikazunguka, kikatua juu ya pau ya kijani. “Hii?”

Mama alikuwa amesimama mlangoni. “Kumbe ndiyo maana nyanya unazoleta huwa mbichi,” akasema taratibu, bila kucheka.

Baba hakuinua macho. Miaka yote hiyo hakuwa amemwambia mtu.

Nikabadilisha maneno mawili tu: “orange” na “blue”. Baba akaanza kuzihesabu za rangi ya machungwa, moja moja, mpaka 19.

Akahesabu tena.